Nani Aliwatuma Wageni wa Mama Springi

Shangazi yangu ni fundi wa makochi, na asubuhi akifungua karakana, kitu cha kwanza kushukiwa ni kochi lenyewe. Ukimpelekea kiti hakuulizi kimeharibika wapi. Anakizunguka kimya, anakibonyeza kwa goti, anakinusa, kisha anakutazama wewe uliyekileta kana kwamba mlikula njama njiani.

"Nani hukalia upande huu?"

"Hakuna mtu maalumu."

"Basi kiti kimejikalia."

Mtaa mzima humwita Mama Springi, kwa sababu hajakubali hata siku moja kutoa kiti kilichojazwa sponji tupu. Sponji, anasema, ni kama mchumba wa siku za mwanzo: laini, limejaa tele, na baada ya miezi michache huoni limekwenda wapi. Yeye hufunga springi kwa kamba ya katani, fundo baada ya fundo, midomo imebana misumari midogo. Ukimsalimu wakati huo anakujibu kwa nyusi.

Ufundi huo aliupata kwenye jumba la sinema. Alipokuwa msichana aliajiriwa kufagia, kisha akapewa sindano ashone viti vilivyochanwa kwa wembe na watazamaji. Nadhani huko ndiko alikojifunzia kushuku watu. Kila aliyekaa alikuwa gizani, kila kiti kilikuwa na jeraha, na hakuna aliyewahi kukiri. Alianza kuwasoma watu kwa viti vyao: huyu ana wasiwasi, anakwaruza mkono wa kiti, huyu ana mpenzi, viti viwili vimechakaa upande mmoja. Jumba lilipofungwa aliondoka na sindano yake iliyopinda, akapanga chumba kimoja kirefu mwisho wa mtaa, na humo amesomesha watoto wake wote wawili. Na mimi pia, kwa sehemu.

Kisha wakaja watu wenye kofia za plastiki wakachimba mtaro wa mabomba mbele ya mlango wake. Wakazungushia mabati, wakapiga picha, wakaondoka. Mabati yakabaki. Mpita njia aliyekuwa akiona makochi yamepangwa nje sasa aliona bati na tangazo la kuomba radhi kwa usumbufu. Wateja wakapungua, halafu wakakatika.

Hapo ndipo alipotokea Meneja. Alikuwa wa duka kubwa la samani, lile lenye vioo hadi juu, ambalo makochi yake yakipasuliwa tumboni hutoka maboksi. Sisemi kwa chuki; nimeyapasua mwenyewe. Alivuka ubao juu ya mtaro akiwa na viatu vinavyong'aa, na shangazi akamchagulia kiti kibovu kuliko vyote.

"Mama, ufundi wako unajulikana," Meneja alisema, akizama taratibu. "Njoo kwetu uwe msimamizi wa mafundi. Kivuli, choo kizuri, mshahara kila mwezi. Ila hapa ufunge. Hatuwezi kuwa na msimamizi mwenye duka lake pembeni."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye bora."

"Na hao wenye kununua kwenu hawajui tofauti. Sasa bora wa nini?"

Meneja alicheka vizuri, kama mtu aliyefundishwa kucheka. Shangazi akamwambia atamjibu mwisho wa mwezi.

Mimi damu ilikuwa ikinichemka. Nilikuwa nimetoka chuoni na digrii ya kompyuta na imani moja kubwa, ambayo bado ninayo: kwamba mtandao unaweza kumpa fundi wa kichochoroni mlango mpana kama wa tajiri, mradi tu aingie humo kwa kichwa chake. Nilimwambia shangazi nitamtengenezea tovuti. Hakuna bati litakaloiziba.

Alikata uzi kwa meno. "Sawa, Digrii. Ukiweza kumleta mtu mlangoni hapa kabla mwezi haujaisha, mtu mgeni kabisa aliyeletwa na hicho kitu chako, nitamwambia yule bwana hapana. Asipokuja hata mmoja, nafunga, nakwenda kusimamia maboksi."

Ndiyo ikawa ahadi.

Nilifanya kazi kama mtu anayezima moto. Nilipiga picha, nikaandika ukurasa wa maisha yake, nikaweka bei, nikaweka kitufe chekundu cha kuagiza. Kila nilipoona nafasi tupu niliandika neno "ubora". Mwanzoni kukawa kimya. Mama yangu aliniuliza nyumbani mbona nimenuna, nikamwambia tovuti ya shangazi haina watembeleaji, na tovuti isiyo na watembeleaji hufa. Mama akasema, "Maskini wifi yangu," akaendelea kukunja nguo.

Wiki ile ile wageni wakaanza kuingia. Nilikimbilia karakana na simu mkononi.

"Shangazi, wageni wamekuja."

Akachungulia mlangoni. "Wako wapi?"

"Kwenye tovuti."

"Wanataka nini?"

"Hawajasema. Wameangalia tu. Na wamekaa muda mrefu sana, jambo ambalo ni zuri mno."

Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka mezani. Hufanya hivyo akitaka kusema jambo refu.

"Mtu aingie kwangu. Asipige hodi. Akae. Asiseme neno, asiulize kitu, asinunue, aondoke. Na wewe unaniambia ni jambo zuri. Watu wa namna hiyo sisi tuna jina lao, Digrii, na si wageni."

"Kwenye mtandao ndivyo watu wanavyoanza."

"Wanaangalia nini?"

"Ukurasa wa maisha yako."

"Ndiyo nikasema."

Nilicheka, lakini njiani kuelekea nyumbani kicheko kilinikauka. Kulikuwa na jambo lisilo la kawaida kweli. Wageni hawa waliingia zaidi Jumapili mchana, kwa mkumbo. Walikwenda moja kwa moja kwenye picha ya shangazi na wakatulia hapo. Hakuna aliyefungua ukurasa wa bei. Hakuna aliyegusa kitufe chekundu. Mteja hafanyi hivyo. Mteja huanza na bei, akishtuka anakimbia. Anayekaa bila kujali bei ni mtu aliyetumwa.

Na kumbe Meneja alikuwa amepita tena, akasimama upande wa pili wa mtaro na kusema, "Naona mna tovuti. Nzuri sana." Neno lile "naona" shangazi alilishika kama mwiba.

"Ameona lini? Ameona nini? Kwa nini aseme 'sana'?"

Tangu siku hiyo tukawa wawili wa kushuku. Aliniamuru niondoe picha zinazoonyesha anavyofunga springi. Niliondoa. Akaanza kuwatazama kwa shaka hata watu wa mtaa. Muuza maji alipouliza biashara ikoje, aliambiwa, "Nani anataka kujua?" Muuza maji akasema ni yeye mwenyewe anataka kujua. Hakuaminiwa.

Ili nimtulize nilimtengenezea ukurasa mdogo wa taarifa, kwa Kiswahili chepesi, aweze kujisomea mambo yote mwenyewe. Nikampa simu. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"'Wageni wengi wameingia kupitia wifi.'"

Akashusha simu taratibu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni yeye. Ila sikutegemea kama mtandao ungemtaja waziwazi namna hii."

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa amelisoma neno lile kama alivyolisema maisha yake yote. Wifi yake ni mmoja tu, mke wa kaka yake, yaani mama yangu.

"Shangazi, hiyo si wifi. Ni waifai. Intaneti isiyo na waya."

"Imeandikwa wifi."

"Huandikwa hivyo, hutamkwa waifai."

"Baba," akaniambia kwa upole wa kutisha, "umesoma miaka yote ile, leo unataka kumficha mama yako nyuma ya matamshi?"

Nilieleza tena. Nilichora hata mnara. Alitikisa kichwa akinihurumia, kwa kuwa mtoto hawezi kumshtaki mama yake na hilo alilielewa.

Lazima niseme kulikuwa na historia. Kati yake na mama hapakuwa na ugomvi; kulikuwa na adabu nyingi kupita kiasi. Mama alikuwa amenunua seti nzima ya makochi kutoka duka la vioo. Ya kijivu, yenye vifungo. Tangu yalipoingia sebuleni mwetu, shangazi hakuwahi kuyakalia. Akija huvuta kigoda cha jikoni, akasema mgongo wake unapenda kigoda. Mama naye husema, "Kama unavyopenda, wifi." Baba yangu wakati huo hujificha nyuma ya gazeti, kwenye kiti cha zamani alichotengenezewa na dada yake alipooa.

"Mwenye kununua kwao ndiye rafiki yao," shangazi alihitimisha. "Wamempa kazi ya kunichungulia. Sasa sikiliza. Tutawategea."

Mtego wenyewe ulikuwa hivi. Alichukua stuli iliyovunjika mguu, akaifunika kipande cha kitambaa cha kijani, akakishona ovyo, uzi ukipanda na kushuka kama njia ya mlevi. Akaniambia nipige picha niiweke chini kabisa ya ukurasa wa maisha yake, niandike: mshono wa kasuku.

"Ndiyo nini?"

"Si kitu. Hakuna mshono wa kasuku duniani. Atakayelitamka neno hilo mbele yangu, huyo ndiye."

Naona aibu kidogo kusema kwamba niliona mpango ule ni wa akili sana. Tulikuwa tukimwinda Meneja, angalau mimi nilikuwa namwinda yeye. Nilikwishaanza hata kutunga kichwani barua kali ya kuwaumbua wakubwa wanaoiba kazi za wadogo. Shangazi hakuwa na haraka. Alisubiri Jumapili, akavaa vizuri, akaja kwetu kula.

Alivuta kigoda chake. Baba mdogo alikuwepo na mkewe, binamu zangu walikuwepo, nyumba imejaa. Tulikula, tukaongea habari za mtaro. Nilikuwa nikimtazama mama kwa jicho la pembeni na nilijichukia kwa hilo. Mama alikuwa akigawa chai kama siku zote.

Baba mdogo akajifuta mdomo. "Dada," alisema, "ule mshono wako mpya, wa kasuku. Mgumu kujifunza?"

Shangazi aliweka kikombe chini bila kutoa mlio.

"Hata mimi nimeuona," mke wa baba mdogo alidakia. "Unapendeza. Una kama mawimbi."

"Una mawimbi," shangazi alirudia. "Ule niliushona kwa mkono wa kushoto."

Binamu mmoja akaanza kucheka, akaacha alipoona hakuna anayemfuata. Shangazi aliwazungushia macho wote, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akipita safu za viti sinema ikiisha. "Kwa hiyo si mtu mmoja. Ni nyumba nzima. Nani amewatuma?"

Baba akainua gazeti.

"Ni mimi, wifi," mama alisema.

Shangazi akanigeukia. "Umeona? Iliandikwa."

"Umewatuma wafanye nini?" nilimuuliza mama, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

"Wewe si ndiye ulisema tovuti ya shangazi yako haina watembeleaji? Kwamba itakufa? Basi nikawapigia simu ndugu wote. Nikawaambia, mtembeleeni shangazi yenu. Ana shida na yuko peke yake, na nikituma mtu na kapu anamrudisha nalo. Angalau hili hawezi kulirudisha."

Nilitoa simu nikafungua taarifa za tovuti. "Ndiyo maana mnakaa muda mrefu?"

"Sasa nitaingiaje na kutoka kama mtoza kodi?" baba mdogo alisema, amekwazika kweli. "Mtu unakaa kidogo. Ndiyo adabu."

"Mimi huifungua, naiweka hapo napiga pasi," binamu alisema. "Nikimaliza nafunga."

"Na bei? Hakuna hata mmoja aliyefungua bei."

Mama alinishangaa. "Unakwenda kumpa mtu pole, halafu unaanza kumpekulia bei?"

Hapo shangazi akasimama. Nilitegemea atafoka. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Kunipa pole," alisema. "Kumbe nilikuwa na matanga, na mimi sina habari. Kila Jumapili mnakuja mnakaa kimya mbele ya picha yangu." Akachukua mkoba wake. "Asanteni. Basi hakuna mgeni aliyekuja. Mwezi unaisha, Digrii. Nitampigia yule bwana."

Alikuwa sahihi. Wageni wangu wote, mkumbo wote niliojivunia, walikuwa ukoo wake. Ulimwengu haukuwa umesikia hata jina lake.

"Wifi," mama aliita. "Kabla hujaondoka, kaa kwenye hilo kochi."

"Mgongo wangu unapenda..."

"Najua mgongo wako unapenda nini. Kaa."

Sijui ni sauti ya mama au uchovu. Shangazi alikaa kwenye kochi la kijivu kwa mara ya kwanza, na kochi likammeza. Magoti yalipanda usawa wa kidevu. Kulisikika mlio wa ubao kupokea nyonga. Alibaki humo akitazama dari, mkoba kifuani, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa yeye.

"Tangu lini?" aliuliza kutoka shimoni.

"Tangu mwaka wa kwanza. Huwa naweka mto, juu yake shuka."

"Na hukuniambia."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," shangazi alikubali. "Sana. Nishikeni mkono."

Baba na baba mdogo wakamvuta. Alipotoka aliligeuza kochi, akachana kitambaa cha chini kwa kisu cha mkate bila kuomba ruhusa, akatuonyesha boksi lililopinda. Mama akatazama boksi, kisha kiti cha baba ambacho kimembeba tangu harusi.

"Hili ndilo lilitakiwa kuwa kwenye tovuti," mama alisema. "Digrii, usikasirike. Nikiingia mle nachoka. Ubora, ubora, ubora. Mtu anayejisifu kila mstari mimi namshuku."

"Hapo umesema, wifi," shangazi alisema, na nadhani lilikuwa neno la kwanza la kweli kati yao kwa miaka mingi. Kisha akawageukia wengine, na jicho lake la kazi lilikuwa limerudi. "Nyinyi mmekwishanitembelea vya kutosha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mtu ana kiti changu nyumbani kwake. Kigeuzeni, kipigeni picha tumboni, muandike kimewabeba miaka mingapi na nani alikuwa akikirukia. Msinisifu. Atakayeandika ubora nitamfuta."

Mama ndiye aliyelima kuliko wote. Alipiga picha ya kochi la kijivu lililopasuliwa, kando yake kiti cha baba kimepinduliwa, springi zake zimefungwa kama siku ya kwanza. Akaandika kwa mkono wake: "Hili nilinunua kwa sababu lilikuwa zuri. Hiki kilitengenezwa na wifi yangu, nikaona cha kizamani. Nilikaa juu ya aibu yangu miaka yote hii nimeifunika shuka." Hakutaja duka. Hakuhitaji kutaja. Nilimuuliza kama ana uhakika anataka watu waisome. Akasema wenye makochi kama lile wapo wengi, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Walikuwepo. Picha ile ilisambaa kwenye simu za watu wasiotujua. Wakaanza kuingia saa za ajabu, siku za kazi, na walifungua bei, wakashtuka, wakakimbia, wengine wakarudi. Nilifuta nusu ya maneno yangu. Badala ya kitufe chekundu nikaweka swali moja: kiti chako kinaumwa wapi? Watu wakawa wanatuma picha na shangazi anajibu, mimi nachapa anayosema akiwa na misumari mdomoni.

Mmoja aliandika kwamba kochi lake limeinama upande mmoja bila sababu. Shangazi akajibu: "Sababu ina jina, na inakaa hapo ikitazama mpira." Mke wa mtu huyo akaandika chini kumshukuru. Mwingine alidai kochi ni jipya. "Jipya lina doa la chai la zamani? Tuanze upya, na safari hii useme kweli." Nilimwonya atawafukuza watu. Walizidi kuja. Wengine waliingia kusoma tu anavyowashuku wenzao, wakacheka, kisha wakageuza viti vyao kuona.

Lakini kusoma si kuja. Hakuna aliyevuka mtaro. Na shangazi hakuwaamini hata wale walioandika. "Wifi ana ndugu wengi," alisema. "Na ndugu zake wana marafiki."

Siku ya mwisho ya mwezi nilifika mapema. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia kitambaa, kwa sababu Meneja alisema anasubiri jibu kabla ya kufunga ofisi. Mchana ukapita. Shangazi alianza kufagia, na nilijua anafagia kwa nini.

Kisha tukasikia mtu akitukana mtaro. Mwanamume mwenye jasho alitokea pembeni ya bati, kiti cha mkono kichwani, anapima ubao kwa mguu.

"Hapa ndipo kwa yule mama mkali?" aliuliza.

Nilitaka kumkumbatia. Shangazi alinizuia kwa ufagio.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Kiti kimebonyea."

"Wewe ni wa upande wa nani?"

"Upande wa nini?"

"Mama yako anaitwa nani? Ana dada? Wameolewa wapi?"

Yule bwana alitua kiti chini. "Mama, hapa ni karakana au mnatafuta mchumba?"

"Jibu."

Alijibu, kwa hasira, babu kwa babu. Shangazi alifuatilia kila jina kama mtu anayepapasa mbao kutafuta msumari. Hakukuta kitu. Hata hivyo hakulainika.

"Umefikaje hapa?"

"Niliona kwenye simu picha ya kochi la kijivu. Nikacheka sana. Halafu nikakaa kwenye langu, nikaacha kucheka."

"Na bei uliiona?"

"Niliiona. Ni kubwa mno, mama, tuseme ukweli. Hiyo sitoi. Punguza, la sivyo nakirudisha kichwani nilikokitoa."

Uso wa shangazi ulibadilika. Ndugu asingethubutu. Mpelelezi asingehangaika. Walipatana bei kwa muda mrefu, wakitupiana maneno, yule bwana akiondoka mara kwa mara na kurudi, na sijawahi kumwona shangazi akifurahi namna ile kuambiwa kazi yake ni ghali. Mwishowe kiti kilibaki, na mwenye kiti akavuka mtaro mikono mitupu.

"Digrii," shangazi alininong'oneza. "Simama kwenye bati. Mtazame. Akikunja kuelekea kwa mama yako, niite."

Nilisimama nikamtazama. Hakukunja. Alikwenda moja kwa moja hadi kituoni, akapanda basi la upande mwingine kabisa wa mji.

"Amekwenda zake," nikamwambia.

Akachukua simu. Nilisikia ikiita, kisha sauti ya Meneja, yenye ukarimu.

"Fundi wa makochi hapa," shangazi alisema. "Jibu ni hapana. Nina kazi."

Akasikiliza. Nyusi zikakaribiana. Kwa mkono mwingine alikwishaanza kukibonyeza kiti cha mgeni, akitafuta alipokaa nani.

"Mshahara zaidi," alisema polepole. "Dakika moja iliyopita haukuwepo, sasa upo. Ulikuwa wapi?"

Akakata simu kabla hajajibiwa, akatia misumari mdomoni.